Trekta haliwaki, betri haijai: kufuata umeme kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo

Trekta likikataa kuwaka, lawama ya kwanza huangukia betri. Inanunuliwa mpya, trekta linawaka wiki mbili tatu, kisha tatizo linarudi. Lawama inahamia kwenye oltaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka), halafu kwenye stata (mota inayozungusha injini iwake), na vifaa vizima vinaishia kwenye chuma chakavu. Chanzo chenyewe mara nyingi ni kiungo kilicholegea au kilicholiwa na kutu mahali ambapo hakuna aliyepaangalia.

Kwa hiyo hapa tutaanza na kipimo, na kipimo chenyewe kichukuliwe wakati umeme unafanya kazi. Volti zinazosomwa kila kitu kikiwa kimezimwa hazisemi mengi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu ndani ya ganda lake utakuonyesha volti 12.6 bila wasiwasi, lakini stata ikidai ampia mia kadhaa, waya huo haupitishi kitu. Mita ya kawaida ya dijitali inayosoma volti za DC na AC inatosha kwa karibu kazi yote, pamoja na taa ya testa, brashi ya waya, spana na mtu wa kukusaidia kugeuza ufunguo. Volti zote za hapa ni za mfumo wa volti 12. Kwenye trekta la volti 24, zidisha mara mbili.

Kabla ya kugusa chochote

Gia nyutro, PTO (mhimili wa nyuma unaozungusha zana) imezimwa, breki ya kuegesha imefungwa, magurudumu yamewekewa vizuizi. Vua pete na saa ya chuma. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo sigara na moto viwe mbali na uvae miwani. Unapofungua betri anza na waya wa erthi, ule unaofungwa kwenye bodi, na unaporudisha umalizie na huohuo. Spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya, hakutakuwa na cheche.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: usiwashe trekta kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini. Njia hiyo huiruka swichi ya nyutro na ya klachi. Kama kuna gia iliyoingia, injini ikishika tu trekta linaondoka, na wewe umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Matrekta yenye gia za haidroliki ni ya hatari zaidi, kwa sababu yanaweza kutulia kidogo baada ya kuwaka mpaka presha ya mafuta ipande, ndipo yaondoke. Watu wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi, wengine wakiwa mafundi wazoefu. Hakuna shamba lenye haraka ya kiasi hicho.

Betri ipimwe ikiwa imetulia, kisha ikiwa na mzigo

Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo za kweli. Iache saa kadhaa, au washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, halafu pima. Betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.7. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu hivi, kwenye 12.2 nusu, na kwenye 12.0 au chini ya hapo usiendelee na vipimo vingine mpaka uichaji, maana kila utakachosoma kitakupotosha. Ichaji taratibu: betri ya Ah 100 (ampia-saa, yaani ujazo wake) ipewe ampia 10 hivi.

Kama betri ina vifuniko, haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, itakuambia zaidi ya mita. Chumba kilichojaa husoma karibu na 1.265 hadi 1.280. Cha kutazama hasa ni tofauti kati ya vyumba: kimoja kikiwa chini ya vingine kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kuchaji, betri hiyo imekufa. Maji yakipungua, ongeza yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Usiongeze asidi.

Sasa mzigo. Zuia injini isiwake kwa kuvuta stopu, au kuchomoa waya wa solenoidi ya mafuta (valvu ya umeme inayofungulia injini mafuta). Mita ikiwa juu ya ncha za betri, mwambie msaidizi apige stata sekunde kumi hivi. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6. Ikishuka, usiihukumu bado. Inaweza kuwa mbovu, au stata inakula umeme kupita kiasi, na tutaona jinsi ya kutofautisha. Trekta lenye betri mbili zilizounganishwa sambamba lipimwe kila betri peke yake, nyaya za kati zikiwa zimefunguliwa. Betri moja mbovu humnyonya mwenzake usiku kucha, na ukibadilisha moja tu, mpya nayo itanyonywa.

Geuza ufunguo, sikiliza, tazama taa

Washa taa za mbele kabla ya kugeuza ufunguo. Zikizimika kabisa, kuna kiungo kibovu kwenye nguzo za betri au kwenye waya mkubwa. Zikififia sana, umeme mwingi unavutwa na kitu kisichozunguka, au betri iko chini. Zikibaki zinang'aa na stata iko kimya, umeme haufiki kwenye stata. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinakuondolea nusu ya kazi.

*Kimya kabisa, taa zinang'aa.* Nenda kwenye waya mdogo wa solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota), ule ulioandikwa 50 au S. Msaidizi akanyage klachi na kugeuza ufunguo huku ukipima kati ya waya huo na bodi ya stata. Ukipata volti zaidi ya 10 na solenoidi haigongi, solenoidi ni mbovu au stata haina erthi. Usipopata kitu, rudi nyuma hatua kwa hatua: relei, swichi ya nyutro, swichi ya klachi, swichi ya PTO kama ipo, swichi ya ufunguo, fyuzi. Panapokuwa na volti upande mmoja wa swichi na hakuna upande wa pili, umefika. Ukisoma volti 7 au 8, usiseme umeme upo. Kuna kiungo kinachoula njiani, na solenoidi haitavuta kwa nguvu. Swichi za usalama zikionekana mbovu, watu wengi huziruka kwa kipande cha waya na kuacha hivyo. Kipande hicho kinaweza kukaa dakika mbili za kupima tu. Swichi ni kifaa kidogo ukilinganisha na kazi inayofanya.

*Inagonga mara moja, tak, kisha kimya.* Solenoidi imevuta lakini mota haizunguki. Sahani ya shaba ndani ya solenoidi inaweza kuwa imeungua, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha, au injini imekwama. Pima kwenye kichwa kinachotoka solenoidi kwenda ndani ya mota wakati ufunguo umegeuzwa. Ukikuta volti hazivuki kutoka kichwa kikubwa cha betri kwenda hicho, sahani imeungua. Zikivuka na mota imelala, kosa ni kaboni au amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota. Stata inayoamka ukiigonga kidogo kwa mpini wa nyundo inakuambia kaboni zimefika mwisho, kesho haitaamka.

*Inagonga mfululizo, taka-taka-taka.* Betri dhaifu au kiungo kibovu. Solenoidi inavuta, stata inaanza kula umeme, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata yenyewe kwa kawaida haina kosa hapa.

*Stata inalia kwa kasi, injini haizunguki.* Klachi ya pinioni (gia ndogo ya stata) inateleza, au meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini linaloshikwa na pinioni) yameisha. Kuna namna ya kutofautisha. Injini ikizimwa husimama karibu sehemu zilezile kwa sababu ya mgandamizo wa silinda: ya silinda nne husimama sehemu mbili, ya silinda tatu au sita sehemu tatu. Meno huliwa hapo. Toa ufunguo, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye nati ya puli, jaribu tena. Ikishika sasa, kagua meno ya flaiwili. Isiposhika popote, ni pinioni.

*Inazunguka vizuri lakini haiwaki.* Acha stata. Tazama mafuta: tangi, filta, hewa kwenye mfumo, kebo ya stopu. Upande wa umeme pima mambo mawili tu, kama solenoidi ya mafuta inapata volti ufunguo ukiwa umewashwa, na kama plagi za kupasha joto zinapata umeme kwenye injini zinazozitumia.

Popote ulipo katika majaribio haya, usipige stata zaidi ya sekunde 30 mfululizo, kisha ipumzishe dakika mbili. Stata nyingi huungua kwa subira ya dereva kuisha, si kwa uzee.

Inazunguka kwa uzito: hapa ndipo pesa hupotea

Dalili hii ndiyo inayouza betri nyingi zisizohitajika. Rudi kwenye kile kipimo cha mzigo na uangalie pande mbili za habari kwa pamoja, volti za betri na mwendo wa injini.

Volti zikishuka sana na betri umeshaithibitisha kuwa nzima, kuna kinachovuta umeme kupita kawaida. Huenda bushi za stata zimelika na amecha inasugua ndani, na mara nyingi hali huwa mbaya zaidi injini ikiwa moto. Au injini yenyewe ni nzito: oili nzito kwenye baridi, PTO imeachwa imeshikwa, pampu ya haidroliki ina mzigo. Ikiwa injini inasimama ghafla kama imegonga ukuta, acha mara moja. Maji au dizeli inaweza kuwa imejaa kwenye silinda, na ukiilazimisha utapinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki.

Volti za betri zikibaki juu, tuseme 11.2, na bado injini inajikongoja, stata haipati haki yake. Umeme unapotelea njiani. Hapa pima upotevu wa volti, na nitaonyesha kwa mfano mmoja mzima kwa sababu namba ndizo zinazofundisha.

Mita juu ya nguzo za betri wakati wa kupiga stata: 11.2. Mita kati ya kichwa kikubwa cha stata, namba 30, na bodi ya stata: 8.9. Volti 2.3 zimepotea. Sasa weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyingine kwenye kichwa namba 30. Piga stata: 0.3. Upande huo ni mzima, maana kikomo ni 0.5 hivi. Hamia upande wa pili, nguzo ya hasi hadi bodi ya stata: 2.0. Hapo pasingezidi 0.3. Tatizo liko kwenye erthi, na hujafungua hata nati moja.

Endelea kugawanya. Nguzo ya hasi hadi kishikio chake: 0.05. Kishikio hadi kichwa cha mwisho cha waya: 0.1. Kichwa hicho hadi chuma cha fremu pembeni yake: 1.7. Fremu hadi bodi ya stata: 0.15. Kiungo kimoja kinatakiwa kisizidi 0.1, na hiki kinakula 1.7. Fungua boliti hiyo na utakuta kichwa cha waya kimekaa juu ya rangi na kutu, boliti yenyewe ikiwa imekazwa vizuri kabisa. Kikwangue mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi juu ili unyevu usiingie, kisha pima tena. Kupima tena ndiko watu wanakoruka.

Weka ncha ya mita kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe, si kwenye kishikio. Ukiiweka juu ya kishikio, kiungo kinachoharibika kuliko vyote kitakuwa kimepita bila kupimwa. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo husafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi soda. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, yasiingie ndani. Na shika waya wote kwa vidole baada ya kupiga stata mara chache: sehemu iliyo moto kuliko nyingine ndiyo yenye ukinzani.

Linawaka, lakini betri haijai

Injini ikiwa kwenye mizunguko 1500 hivi kwa dakika, pima kwenye betri. Unataka 13.8 hadi 14.5. Washa taa zote. Volti zisishuke chini ya 13.5 au karibu na hapo.

Zikibaki 12 na kitu, tazama mkanda kabla ya jambo jingine. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya urefu wake. Kwenye mikanda mingi kubonyea milimita 10 hadi 15 ni sawa, ingawa kitabu cha trekta ndicho chenye neno la mwisho. Mkanda unaong'aa pembeni kama kioo unateleza hata kama haulii. Kwenye matrekta mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka na joto la injini likapanda kwa pamoja, simama hapohapo.

Mkanda ukiwa mzima, pima kwenye kichwa cha B+ nyuma ya oltaneta, kwa uangalifu kwa kuwa kina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ukipata 14.5 hapo na 12.5 kwenye betri, oltaneta inafanya kazi yake na waya wa chaji au fyuzi yake kubwa haifanyi. Pande zote mbili zikiwa chini, rudi kwenye taa ya chaji.

Taa hiyo, kwenye oltaneta za kawaida zenye kichwa D+, si ya kutoa taarifa peke yake. Umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha oltaneta. Ufunguo ukiwashwa injini imezimwa, taa lazima iwake. Isipowaka, chomoa waya wa D+ na uuguse kwenye bodi. Taa ikiwaka sasa, waya na balbu ni vizima, na kosa liko kwenye kaboni au regyuleta (kidhibiti cha volti) ndani ya oltaneta. Isipowaka bado, ni balbu, fyuzi au waya. Balbu ndogo iliyoungua imewatoa watu wengi fedha za oltaneta nzima. Kwenye matrekta ambayo kompyuta ndiyo inayosimamia chaji, usifanye hivi. Fuata kitabu chake.

Taa ikibaki imewaka hata ufunguo umetolewa, diodi (kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) imepitiliza na betri inamwagika kupitia oltaneta. Fungua erthi ya betri upesi. Taa inayofifia ikiwaka kidogo injini inapofanya kazi nayo inaelekeza kwenye diodi au kwenye kiungo cha chaji. Kuhakikisha, weka mita kwenye volti za AC juu ya betri, injini ikiwaka na taa zimewashwa. Zaidi ya 0.5 ni diodi.

Wapo wanaopima oltaneta kwa kuchomoa kishikio cha betri injini ikiwaka, kuona kama itazima. Naomba jambo hili liachwe. Betri ndiyo inayotuliza volti kwenye mfumo. Ukiitoa ghafla, volti huruka juu kwa kishindo na kuua diodi, regyuleta na vifaa vya kielektroniki. Injini ya dizeli ya zamani itaendelea kuwaka hata oltaneta ikiwa imekufa, kwa hiyo jaribio lenyewe halithibitishi chochote. Madhara kama hayo huja kwa kuunganisha betri ya msaada kinyume, na kwa kuchomelea trekta bila kufungua nyaya za betri na oltaneta.

Volti zikivuka 15, regyuleta imeshindwa au haipati erthi nzuri. Betri itachemka, itanuka mayai viza, maji yatapungua kila wiki na balbu zitaungua kwa zamu. Na kama kila kitu kiko sawa lakini betri inashuka kwenye kazi za usiku, hesabu taa zilizoongezwa: nne za wati 55 zinakula ampia 16 hivi, na oltaneta ndogo kwenye mizunguko ya chini haiwezi kuzilisha na bado ikarudisha chaji.

Matrekta ya zamani yenye dinamo, kichaji kilichotumika kabla ya oltaneta, yana desturi zake. Dinamo haichaji kitu injini ikiwa sailensa, yaani kwenye mizunguko ya chini kabisa, na hilo si ugonjwa. Baadhi yana chanya kwenye bodi, na mengine kama Ford 8N ni ya volti 6. Thibitisha upande wa erthi kabla ya kufunga betri au chaja.

Imejaa jioni, imekufa asubuhi

Fungua waya wa hasi, weka mita ya ampia kati ya waya na nguzo, kila kitu kikiwa kimezimwa. Usigeuze ufunguo, fyuzi ya mita itaungua. Trekta lisilo na elektroniki linatakiwa lisome karibu na sifuri. Lenye kompyuta lipe nusu saa zilale, kisha lisizidi ampia 0.05 kwa kawaida. Upotevu wa ampia 1 unaonekana mdogo, lakini ni Ah 24 kwa siku. Betri ya Ah 100 itakuwa nusu baada ya siku mbili.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi zote, mshukiwa ni oltaneta, ambayo waya wake mkubwa kwenye matrekta mengi haupiti kwenye kisanduku cha fyuzi. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha: oltaneta yenye uvuguvugu baada ya usiku mzima ina diodi inayovuja. Fungua betri, toa waya wa B+ na uufunike vizuri, rudisha mita, tazama kama namba imeanguka. Kagua pia nyaya zilizotafunwa na panya chini ya kiti, na redio au taa iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri.

Ukishapata chanzo na kukirekebisha, jaza betri kwa chaja kabla ya kurudi shambani. Oltaneta imeundwa kurudisha kilichotumika wakati wa kuwasha. Ikilazimishwa kufufua betri iliyokufa hufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nyingi na kupata joto kali. Kisha pima tena 12.6 ikiwa imetulia, mzigo wa stata, na 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka, na uziandike namba hizo kwenye karatasi ndani ya kitabu cha trekta.